Tulishuka Wote

Uma wa sauti wa Mwalimu wetu wa kwaya ninao hadi leo. Ni chuma kidogo chenye meno mawili, kimefifia rangi pale alipozoea kukishika. Ukiugonga gotini na kuusogeza sikioni unatoa sauti moja tu, ile inayoitwa A, mitetemo 440 kwa sekunde. Ndiyo sauti iliyolia Septemba ya mwaka 1983, siku tuliyokwenda Moshi mjini kurekodi.

Tulikuwa watu 14. Kwaya ya usharika wetu, huko juu kwenye migomba ya Kilimanjaro, ilikuwa na waimbaji wapatao 50, lakini kwa kazi ile Mwalimu alichagua wachache: soprano wanne, alto wanne, wa sauti ya tena watatu, besi watatu. Wengi walikuwa wakulima wa kahawa. Alikuwamo fundi cherehani, alikuwamo muuguzi wa zahanati, walikuwamo dada wawili wa nyumba moja ambao sauti zao zilifanana kiasi kwamba aliyekaa nyuma hakuweza kusema ni nani anaimba. Mzee wetu wa besi alikuwa na wajukuu tayari. Mimi nilikuwa wa sauti ya tena, mwenye miaka 22, na ndimi niliyebeba daftari la nyimbo.

Mazoezi yalifanyika Jumatano na Jumamosi jioni katika darasa la shule ya msingi, karabai ikining'inia kwenye boriti. Wanaoukumbuka mwaka 1983 wanajua ulivyokuwa. Sukari foleni, sabuni foleni, mafuta ya taa foleni. Betri za redio tulikuwa tukizianika juani ili zipate nguvu ya siku mbili zaidi. Yalipokosekana mafuta ya taa, Mwalimu hakuahirisha mazoezi. Alitupanga duara, bega kwa bega, akagonga uma, tukaimba gizani. Gizani huwezi kumtazama mwalimu wala kusoma daftari. Kinachobaki ni pumzi ya jirani yako: unasikia anapoivuta, nawe unavuta. Nyimbo zetu zote ngumu tulizimudu gizani.

Tuliimba kavukavu, bila ala yoyote. Wataliano wana neno lao, a cappella, maana yake kwa namna ya kanisani, na neno hilo linatukumbusha kwamba kuimba kwa sauti tupu ni desturi ya zamani sana ya nyumba ya ibada. Kwetu haikuwa falsafa. Usharika ulikuwa na matarumbeta ya sikukuu, lakini kinanda hatukuwa nacho, na tulikuwa hatujui kwamba tunakihitaji.

Nyimbo zenyewe zilikuwa mpya, na hilo ndilo lililofanya safari ya Moshi iwe na maana. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaja na nyimbo za Kijerumani zilizo nzuri mpaka leo. Zilipotafsiriwa kwa Kiswahili, maneno yalilazimika kuvaa nguo iliyoshonwa kwa mwili mwingine. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za Ulaya humaliza mstari kwa pigo zito kwenye silabi ya mwisho. Basi tukawa tunaimba Bwana kana kwamba uzito uko kwenye na, Mungu kana kwamba uko kwenye ngu, na kwa kuwa tulizaliwa tukisikia hivyo, hatukuona ajabu.

Mwalimu aliona. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hakuwa na shahada ya muziki, ila alikuwa na sikio na subira. Alifuatilia kazi ya watu waliotangulia. Mchungaji Howard Olson, Mmarekani aliyefundisha chuo cha theolojia cha Makumira, alikuwa amekusanya tuni za Kiafrika na kuzitia katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Kwa upande wa Wakatoliki, Padre Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatambua kwamba muziki wa watu wenyewe una nafasi yake katika ibada. Mwalimu aliyajua hayo kwa kuazima vitabu. Kisha akakaa chini na kutunga zaburi zake, tuni ikifuata jinsi mama anavyosema neno jikoni. Alipoandika wokovu, sauti ilipanda kwenye ko, ikatua taratibu kwenye vu. Mara ya kwanza tulipoimba hivyo, muuguzi wetu alinyamaza katikati ya mstari. Alisema amelisikia neno lile kwa mara ya kwanza.

Aliandika kwa noti za solfa: d, r, m, nukta pacha na vistari. Mfumo huo ulianzishwa na mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, ukaendelezwa na Mchungaji John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakausambaza barani Afrika. Kwa maskini ulikuwa neema. Hauhitaji karatasi yenye mistari, unaandikwa kwa chaki ubaoni, unanakiliwa kwa kalamu ya risasi. Pale juu Mwalimu aliandika jina la wimbo, na chini yake: Do ni G.

Kurekodi kwetu hakukuwa jambo geni. Utotoni niliifahamu Sauti ya Injili kabla sijajua Addis Ababa iko wapi. Kituo hicho cha Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kilianza kurusha matangazo mwaka 1963, na vipindi vya Kiswahili vilirekodiwa Moshi, mikanda ikasafirishwa hadi Ethiopia, kisha sauti za watu wa mlimani kwetu zikarudi kwetu kwa masafa mafupi, zikipanda na kushuka kama mtu anayeongea kwenye upepo. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo. Lakini tulikuwa tumekwisha kujua kwamba sauti ya mwimbaji wa kijijini inaweza kufika mbali kuliko miguu yake.

Siku ile tulishuka kwa lori la ndizi. Studio ilikuwa chumba cha wastani, mablanketi yametundikwa madirishani, maikrofoni moja ikining'inia katikati. Fundi mitambo alitupanga kwa masikio yake: soprano hatua mbili nyuma, besi karibu zaidi, yule mwenye sauti kali ageuze uso kidogo. Mkanda wenyewe uliingia kwenye rili kubwa. Ulikuwa haupatikani kwa urahisi, kila kitu kilichohitaji fedha za kigeni kilikuwa hivyo, kwa hiyo alitueleza mapema: kila wimbo nafasi mbili, basi. Hakukuwa na namna ya kurekodi tena kipande kilichoharibika. Mtu mmoja akikohoa, wote 14 tunaanza upya.

Wimbo wa mwisho ulikuwa zaburi ya Mwalimu yenye beti tano. Mara ya kwanza alto mmoja aliingia mapema, tukasimama. Mara ya pili tuliimba kama hatujawahi kuimba. Nilikuwa nikisikia besi kwenye nyayo. Beti ya tano ilipoisha hakuna aliyepumua mpaka taa nyekundu ilipozimika.

Ndipo Mwalimu akagonga uma. Do ikiwa G, sauti ya uma inapaswa kuwa re yetu. Tuliitafuta re tuliyokuwa tumeishia, na uma ukalia juu yake, kama mtu anayetuita kutoka ngazi ya juu. Tulikuwa tumeshuka nusu toni nzima.

Nilijisikia uso unawaka. Nilimwomba fundi atupe nafasi ya tatu. Akatazama mkanda uliobaki, akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatugeukia na kuuliza, bila ukali, "Nani alishuka kwanza?"

Tulitazamana. Besi hawakujua. Soprano hawakujua. Mimi niliyejivunia sikio langu sikujua.

"Kama hakuna anayejua," akasema, "tumeshuka wote. Acheni ubaki hivyo."

Mwaka uliofuata wimbo ulichezwa redioni Jumapili asubuhi. Watu waliacha chai mezani wakatoka nje kuitana. Mama yangu alisimama karibu na redio, mikono ameikunja kifuani, hadi mwisho. Mimi nilisubiri beti ya tano, nikanyoosha mkono na kupunguza sauti, ili asisikie mahali tulipofikia. Nilifanya hivyo kila ulipochezwa, kwa miaka.

Nimesimulia habari ya aibu ile kwa sababu ndiyo iliyoamua yaliyofuata. Mwaka 1995 Mwalimu alistaafu uongozi wa kwaya, nikakabidhiwa mimi pamoja na uma wake. Biashara ilikuwa imefunguliwa, vinanda vya umeme vilikuwa vikiingia nchini, na kaseti za kwaya zilikuwa zikiuzwa stendi. Baadaye tulizisikia kwaya za Dar es Salaam, Uinjilisti Kijitonyama na Vijana wa AIC Chang'ombe, na magitaa yao na vinanda vyao, na zilitugusa kweli. Sina neno baya juu yao. Sauti zao zina uhai. Lakini mimi sikununua kinanda kwa kupenda muziki wa kinanda. Niliwachangisha washarika kwa mwaka mzima kwa sababu nilitaka tusishuke tena.

Na hatukushuka tena. Kinanda kilishika sauti kama msumari ukutani. Vijana walifurahi, mazoezi yakawa mafupi. Wimbo uliokuwa ukichukua wiki sita ukaingia kwa wiki mbili. Tulipokwenda kurekodi kaseti yetu, na baadaye sidii, kila sauti iliingia chumbani peke yake ikiwa na visikizio: soprano Jumatatu, alto Jumanne, tena na besi siku waliyopata nafasi. Katika rekodi ile ya sidii wapo waimbaji wawili wanaojibizana kwa utamu, na wakati wa kurekodi hawakuonana.

Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa ukame, mabwawa yalikauka na nchi nzima ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Jumapili moja tulikuwa katikati ya wimbo kanisani umeme ulipokatika. Kinanda kikafa. Nilikuwa mbele yao, mikono juu, nikaendelea kupiga mwendo. Waimbaji 30 wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, kila mtu akimtazama mpiga kinanda, kama watoto wanaomtazama mama yao akiwa amezimia. Usharika mzima ulisikia kimya kile. Kwaya iliyojifunza kuimba gizani ilikuwa imeshindwa kuimba mchana.

Mwalimu alikuwa benchi la pili. Baada ya ibada alinipa mkono mlangoni, nikamwamkia, akaitika, akasema, "Umeme utarudi, mwanangu." Hakuongeza neno.

Miaka michache baadaye nilihudhuria semina ya walimu wa kwaya. Mwezeshaji alitufundisha jambo ambalo nililipata nikiwa nimechelewa sana. Kinanda hugawanya oktava katika hatua 12 zilizo sawa, na kila nusu toni huhesabiwa kuwa senti 100. Kwa hiyo mi ya kinanda iko senti 400 juu ya do. Lakini waimbaji wakiachwa na masikio yao, wakatafuta pale ambapo do na mi zinatulia pamoja bila kuyumba, mi hukaa kwenye senti 386 hivi, chini kidogo ya ile ya kinanda. Kisha akatuchorea ubaoni mwendo wa sauti zinazotoka do, zikapita la, re na so, zikarudi do. Akasema: mwendo huu ukiimbwa na watu ambao kila mmoja anajituliza safi kabisa juu ya jirani yake, do wanayoirudia iko chini ya ile waliyoanzia kwa senti 22 hivi. Uchovu pia hushusha, na pumzi fupi, na silabi zilizofungwa mdomoni. Lakini hata wasiochoka hushuka, kwa sababu tu wanasikilizana.

Nilihesabu kwenye pambizo ya daftari. Zaburi ya Mwalimu ilipita mwendo ule mara moja kila beti. Beti tano, senti 22 kila moja. Nusu toni na kidogo.

Nilikaa na namba ile mpaka chai ya saa nne ikapoa. Miaka yote nilidhani nimebeba kumbukumbu ya kosa letu. Kumbe pengine nilikuwa nimebeba alama ya jinsi watu 14 walivyoegemeana, mmoja akiinama kidogo kumkuta mwenzake, mwenzake akiinama kumkuta wa tatu, mpaka wote wakawa mahali pengine bila hata mmoja kuachwa nyuma.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu. Masikio yake yalikuwa yamedhoofika, nikamweleza kwa sauti kubwa, habari za senti na do na la na re. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama kinanda bado kipo. Nikamwambia kipo.

Nilijaribu. Nilizima kinanda mazoezini, nikawapanga duara, nikagonga uma. Kufikia beti ya pili kila sauti ilikuwa imeshika njia yake. Hawakushuka pamoja, walitawanyika. Ingekuwa kazi ya miaka miwili au mitatu kuwarudisha, Jumatano na Jumamosi, kama alivyofanya Mwalimu na sisi. Mbele yetu yalikuwapo mashindano ya kwaya, na harusi, na sikukuu ya mavuno. Nikawasha kinanda. Kwa hilo simlaumu mtu mwingine.

Mwalimu alifariki mwaka 2019. Kati ya wale 14 tulikuwa tumebaki watano. Familia iliomba siku ya ibada ya shukrani upigwe ule wimbo wake, na kaseti iliyokuwamo sandukuni mwangu, nakala ya ule mkanda wa Moshi, ndiyo pekee tuliyoijua. Ilikuwa imeshika ukungu. Niliipeleka kwa kijana mmoja mwenye studio mjini, mtaratibu na mwenye adabu. Alikaa nayo wiki nzima. Ukanda ulikuwa ukipukutika, akaniambia, na alipomaliza kuucheza mara moja ulikatika vipande visivyoungika. Katikati ya kazi alinipigia simu: "Shikamoo mzee. Samahani, huu wimbo uko kwenye ufunguo gani?"

Nikamjibu kwa fahari, "Do ni G."

Siku ya ibada wimbo ulitoka kwenye spika safi kuliko nilivyowahi kuusikia. Mivumo yote ilikuwa imeondolewa. Niliwasikia dada wawili, nikamsikia mzee wa besi, nikamsikia kijana wa tena aliyekuwa mimi. Watu walilia. Mimi nilikuwa nasubiri beti ya tano. Mara hii sikutaka mtu yeyote apunguze sauti.

Beti ya tano ikaja, nayo ilikuwa palepale tulipoanzia.

Nilimfuata yule kijana nje, nikamuuliza. Akanieleza kwa furaha, akijua amenifanyia wema, na alikuwa amenifanyia. Kwenye programu yake sauti huonekana kwenye kioo kama mstari, na mstari wetu ulikuwa ukiinama pole pole kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikaa usiku mbili akiunyoosha, beti kwa beti, mpaka wote ukakaa kwenye G niliyomtajia. Nilimuuliza kama anayo ile nakala ya kwanza, kabla ya kunyoosha.

"Ile niliifuta, mzee," akasema. "Si ilikuwa na makosa?"

Nilimshukuru, nikamlipa, nikamwombea heri. Angejuaje? Mimi mwenyewe nilichukua karibu miaka 30 kujua, na nilikuwa nimesimama katikati ya wimbo.

Rekodi hiyo iko kwenye simu yangu. Jioni nyingine naiweka mezani, naimba sehemu yangu ya tena pamoja nao, na uma nimeushika. Beti ya kwanza tuko pamoja. Beti ya pili pia, karibu. Kufikia ya tatu koo langu linaanza kuinama lenyewe, kwa mazoea ya darasa lisilo na taa, likimtafuta mzee wa besi pale alipokuwa akikaa. Hayupo pale tena. Beti ya tano mimi niko chini peke yangu, nao wako juu, wote 14, hata mimi nikiwamo.

Wimbo unapoisha nagonga uma. Unakubaliana nao kabisa.